Kadi Iliyogoma Kuwa Picha

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku imeanza vibaya. Muuguzi mkuu wa zahanati kaja dukani, simu kaishika kwa vidole viwili kama kashika samaki aliyeoza. Eti kipeperushi nilichomtengenezea hakifunguki. Nikamweleza kwa upole kwamba faili la kupangia kurasa halifunguki kwenye simu, na hiyo ndiyo heshima yake. Linafunguka kwenye kompyuta yangu tu. Akitaka kubadilisha hata nukta, atarudi kwangu. Hiyo ndiyo biashara! Akasema yeye hataki heshima, anataka picha, awatumie akina mama wajawazito kwenye simu zao.

Picha! Mimi nimesomea kupanga kurasa, siyo kupiga watoto picha wakiwa wamebeba keki.

Akavuka barabara. Nilimfuata kwa macho mpaka akaingia kwa Kidole.

Kidole ni mdogo wake mke wangu, kitinda mimba wao. Nampa jina hilo kimoyomoyo kwa kuwa kazi zake zote anazifanya kwa kidole kimoja juu ya simu. Kazi nilimfundisha mimi, kwenye kiti hiki hiki nilichokalia. Alipoiva, akafungua duka lake. Wapi? Mkabala na langu, mlango kwa mlango! Kibao kimeandikwa: "Nyaraka Zako Kuwa Picha, Papo kwa Papo." Kila asubuhi ananipungia mkono. Nami nampungia, meno yameumana.

Muuguzi katoka mle anacheka. Hapa kwangu hajacheka hata siku moja.

Jumanne, 7 Oktoba

Dada Mkubwa kapiga simu. Huyu ndiye dada wa mke wangu, mkunga, na hata akikuuliza hali unahisi anakuamuru usukume. Binti yake anaolewa mwisho wa mwezi. Inatakiwa kadi ya mwaliko ya picha, itumwe kwenye kundi la familia, ambamo wakwe watarajiwa nao wamo. Kidole keshajitolea. Mke wangu kanishauri nimwachie ili tukae kwa amani. Nikamwambia labda nife kwanza.

Nikampigia Dada Mkubwa mwenyewe. Nikamweleza kitaalamu kwamba picha za Kidole huchuja kadiri siku zinavyokwenda, kama kitambaa hafifu. Ikifika siku ya harusi wageni watakuwa wanatazama simu tupu, hawajui ukumbi uko wapi. Si kweli, lakini ingeweza kuwa kweli. Akasema haya, kazi nipewe mimi, ila nisimwaibishe. Neno hilo la mwisho alilirudia. Sijui alikuwa na maana gani.

Jumatano, 8 Oktoba

Kadi imekamilika kabla ya chakula cha mchana. Siri yangu ni hii: mimi sianzi na ukurasa mtupu hata siku moja. Nina ukurasa mmoja wenye fremu ya maua ya dhahabu, nilioupanga miaka iliyopita nikiwa na afya njema na subira. Kazi mpya ikija, nafunika maneno ya zamani kwa kisanduku cheupe, juu yake naandika mapya. Kazi ikija nyingine, kisanduku kingine. Ukichapa kwenye karatasi huoni kitu. Safi kabisa! Kidole nilimficha hilo. Mwalimu hamalizi yote.

Kugeuza kadi iwe picha ndiyo shughuli. Mara ya kwanza maandishi yametoka yana ukungu, kama yameandikwa ndani ya uji. Mara ya pili picha imetoka nusu, bwana harusi kakatwa begani. Mara ya tatu imetoka ndogo kama stempu. Nimetukana kompyuta, nikaitukana na printa, ambayo haikuhusika. Hatimaye nikagundua kuna mahali pa kuchagua ubora. Nilikuwa naacha ule wa chini. Nikauweka wa juu. Loo! Kila ua limesimama.

Wakati huo huo Kidole akachungulia kusalimia. Akauliza kama shemeji nahitaji msaada. Nikajitupa mbele ya skrini kama golikipa. Akasema kwa adabu kwamba yeye, kabla ya kumtumia mteja, huifungua picha kwanza kwenye simu yake akaikagua. Nikamjibu kwamba asiyejiamini ndiye anayekagua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sijui niandikeje.

Asubuhi niliona picha za Kidole hazina weupe nyuma. Zinaelea. Yangu ilikuwa na weupe mpana kama shuka la hospitali. Nikatafuta. Kumbe kwenye kuhifadhi kuna kialama cha kuondoa rangi nyeupe yote. Nikakiweka. Nikahifadhi. Kukagua? Nikakague nini, kadi niliitengeneza mwenyewe! Nikaituma moja kwa moja kwenye kundi la familia, na maneno haya chini yake: "Hii ndiyo kazi ya mtaalamu. Wengine wajifunze." Kisha nikazima simu, pongezi zisije zikamaliza chaji. Nikala vizuri.

Mke wangu akaingia dukani. Akanionyesha simu yake.

Rangi nyeupe ilikuwa imeondoka yote, na visanduku vyangu vimeondoka nayo. Kazi za katikati zimerundikana pembeni kwa herufi ndogo zisizosomeka. Na chini kabisa, kazi ya kwanza niliyopanga kwenye ule ukurasa wa maua ya dhahabu, ilikuwa tangazo la msiba wa marehemu baba mkwe. Mistari ya zamani imekaa katikati ya mistari mipya, imepangana kama iliyoandikwa na mtu mmoja. Kadi ilisomeka hivi:

"Kwa furaha kubwa tunatangaza kifo cha binti yetu mpendwa. Mwili utapokelewa na bwana harusi saa nane mchana. Baada ya kuzika, karibuni nyote ukumbini tucheze. Mavazi ni rangi ya dhahabu."

Na kati ya bibi na bwana harusi, uso wa baba mkwe, unatabasamu.

Mama wa bwana harusi amepandwa na presha. Fundi wa gauni kaacha kushona, anauliza kama bado litahitajika. Ofisini kwa bibi harusi wamesimama kimya kwa heshima, na yeye mwenyewe kaingia akawakuta wamesimama. Nilipowasha simu, kanipigia. Alichosema ni hiki tu: "Baba mdogo, mimi niko hai." Akakata.

Nilikuwa tayari kumweleza mke wangu habari za programu. Hakuniuliza programu. Alikuwa anaitazama ile sura ya baba yake. Akaniuliza polepole, "Kwa hiyo miaka yote hii, kila kadi uliyouza, baba yangu alikuwa chini yake?"

Nikamwambia kitaalamu ndiyo.

Akauliza, "Na kile kipeperushi cha wajawazito?"

Kile pia.

Akachukua mkoba wake, akaenda kwa dada yake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kikao cha familia, sebuleni kwa Dada Mkubwa. Niliwekwa kwenye kigoda, wao wote kwenye makochi. Nikajitetea kwamba kosa ni la simu zao, zinaonyesha mambo yasiyowahusu. Dada Mkubwa akaniambia ninyamaze. Nikanyamaza. Mtu hujikuta kanyamaza tu.

Hapo Kidole akasimama. Nikajua leo nimekwisha. Badala yake akasema hilo ni tatizo la kompyuta, linawapata wengi, hata yeye liliwahi kumpata. Akasema kadi nyingine iko tayari, na watu wa upande wa pili kawapigia simu mmoja mmoja kuwatuliza. Akaituma pale pale. Chini kwa herufi ndogo kaandika: "Imeandaliwa kwa pamoja na shemeji yetu." Yaani mimi!

Wote wakapumua. Mzee mmoja akanipa pole ya kompyuta.

Nimekaa na kadi hiyo mchana kutwa kutafuta kosa. Herufi, nafasi, pembe, kivuli. Hakuna. Ni nzuri. Nina hasira sijui niiweke wapi. Kaniokoa mbele za watu wote, kusudi nimshukuru mpaka nizeeke. Huu ni ukatili wa hali ya juu. Angenisema tu, ningejua la kujibu.

Jumapili, 12 Oktoba

Mke wangu bado yuko kwa dada yake, eti wanashona. Nyumba kimya. Nimepika nikaunguza.

Nimepata wazo. Kadi ya Kidole nitaiwekea mimi namba ya duka langu, kubwa, iliyolala mshazari juu ya maua, kisha niitume upya. Jina langu si limo? Basi nina haki. Nikahangaika nayo tangu asubuhi. Ikatoka vizuri, safari hii nimekagua. Nikaenda kuituma.

Nimeondolewa kwenye kundi.

Nikatazama nani kaniondoa. Nilidhani ni Dada Mkubwa. Nilidhani ni Kidole. Ni mke wangu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Harusi. Mlangoni wageni wanaonyesha kadi kwenye simu, bawabu anaitikia kwa kichwa, wanapita. Mimi nilikuja na kadi ya karatasi, niliyoichapa mwenyewe kwa wino mzuri. Bawabu kaigeuza nyuma, kaigeuza mbele. Kauliza inawashwa wapi. Nyuma yangu watu wakaanza kusonya.

Mke wangu ndiye aliyetoka kunichukua. Kavaa dhahabu. Kaniweka karibu naye, meza ya pembeni, nyuma ya spika. Bibi harusi alipopita akanishika bega. Sikutegemea. Nikajifanya natafuta leso.

Katikati ya muziki mke wangu kaniinamia sikioni. Hajaniomba radhi wala hajanilaumu. Kasema jambo moja tu, nimtoe baba yake mle ndani. Nianze na ukurasa mtupu kama watu wengine. Nikamwahidi. Nilimaanisha.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimefungua duka ingawa ni Jumapili. Nimeondoa visanduku kimoja kimoja, vingi kuliko nilivyodhani. Harusi, mahafali, mikutano, kipeperushi. Mwisho nikamkuta mzee. Alikuwa mtu mpole, ndiye peke yake katika familia ile aliyewahi kuniambia nina mkono mzuri. Nikahifadhi picha yake mahali pa peke yake, katika ubora wa juu. Halafu nikafuta.

Ukabaki weupe mtupu. Nikautazama. Sikujua mtu huanzia wapi.

Mke wangu karudi jioni na begi lake. Nimemwambia baba yake nimemtoa. Kasema asante. Tumekula pamoja.

Jumatatu, 27 Oktoba

Asubuhi Kidole kavuka barabara, mke wangu yuko nyuma yake kafumbata mikono. Anapendekeza tuunganishe maduka. Yeye afanye picha, mimi nipange kurasa, kwa sababu, anasema, jicho langu la kupanga hana, na kila siku anakwama. Alisema hayo akitazama chini. Mke wangu ananiangalia kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Nikaona waziwazi. Kashindwa! Biashara imemlemea, anakuja kujisalimisha.

Nikampa masharti. Jina langu litangulie kwenye kibao, na liwe kubwa zaidi. Kiti cha kuzunguka ni changu. Wateja wakiingia wanisalimie mimi kwanza. Na picha yoyote isitoke dukani kabla sijaikagua mimi.

Amekubali. Yote, pale pale, huku anatabasamu. Mke wangu kafuta machozi, kaenda kuchemsha chai.

Mtu mwenye nia safi angebisha angalau moja. Kuna kitu hapa. Kesho naanza kumchunguza.