Uzinduzi Rasmi wa Chuma cha Bafuni

Mheshimiwa Mama Mzazi, mgeni rasmi wa leo, uliyerejea asubuhi hii kutoka kwa dada ulikokuwa ukiuguza mguu. Mheshimiwa Mke Wangu, Waziri wa Jiko na Mambo Yote ya Ndani. Mheshimiwa Shemeji, fundi bomba kwa taaluma na mlaji wa hapa kwa hiari yako. Mheshimiwa Binti Yangu, kiongozi wa upinzani. Paka, mwakilishi wa sekta binafsi. Mabibi na mabwana mliosimama kwenye korido hii: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mtu mmoja. Ni mimi.)

Awali ya yote, nijipongeze. Mtu aliyetumikia miaka ishirini na sita kama msaidizi wa katibu wa kamati ya maandalizi ya vikao hawezi kuuanza mwaka mpya bila stratejia, na ndiyo maana nilibuni Programu Jumuishi ya Nyumba Nadhifu na Salama, ambayo baada ya upembuzi yakinifu, tathmini shirikishi na semina elekezi mbili nilizohudhuria peke yangu, imefikia utekelezaji wa asilimia tisini na saba. (Mama: "Mwanangu, hotuba ni ndefu? Mimi nataka kwenda bafuni.") Mama, upo kwenye ajenda. Ni kipengele cha mwisho.

Tukianza na unadhifu, makabati yote yamebandikwa lebo, isipokuwa lile lililogoma kufunguka, ambalo limebandikwa lebo ya kugoma. Kwenye usalama, mtungi wa gesi umeondolewa ubavuni mwa jiko, na soketi ya sebuleni iliyokuwa ikirusha cheche imebadilishwa. (Mke: "Fundi umeme nilimwita mimi, na mtungi niliusukuma mimi, wewe ukiwa umelala!") Nani alisukuma si hoja, Mheshimiwa Waziri, hoja ni nani alikuwa madarakani. (Shemeji anacheka hadi anashika ukuta.) Aidha, tumepata sanduku la huduma ya kwanza, limefungwa kwa kufuli madhubuti, na ufunguo wake, kwa usalama zaidi, umehifadhiwa ndani ya sanduku hilohilo. (Binti: "Baba!") Upinzani utapewa nafasi yake.

Sasa nije kwenye mradi kinara. Ndugu wadau, mnakumbuka kwamba miezi miwili iliyopita mama aliteleza bafuni, akateguka kifundo cha mguu, akaapa hakanyagi tena bafu lile mpaka ukutani pawe na chuma cha kushikia. Nami nilimwahidi, mbele ya mashahidi, kwamba siku atakayorudi atakikuta. Siku yenyewe ndiyo leo, na mlango wa bafu, kama mnavyouona, umefungwa utepe mwekundu. (Mama: "Nauona. Ndio unaonizuia." Anabadilisha mguu wa kusimamia.) Nilisoma mahali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. (Mama: "Na mimi nilifundishwa kwamba maneno matupu hayavunji mfupa. Sakafu ile inavunja. Kata utepe!")

Kabla ya kukata, nieleze kwa kifupi historia ya chuma duniani. (Kelele. "Kata! Kata!" Hata paka.) Naona umma una hamasa. Kaulimbiu yetu kwanza: nikisema "Nyumba salama!" mnaitikia "Hatua kwa hatua!" Nyumba salama! (Mama: "Hatua ya kwanza bafuni!") Nyumba nadhifu! (Mke: "Mkasi huu hapa, baba watoto, mwonee huruma mama yako.") Basi, kwa mamlaka niliyojipa, natamka kwamba chuma hiki kimezinduliwa rasmi! (Utepe unakatika. Vigelegele. Mlango unafunguliwa. Vigelegele vinakoma kimoja kimoja.)

(Shemeji: "Chuma kiko wapi?") Tazameni ukutani kwa makini, kulia, usawa wa kiuno. (Binti: "Pale pamechorwa tu.") Pamechorwa kwa vipimo sahihi, na matundu manne yamewekewa alama. (Shemeji: "Mimi ni fundi, nalala chumba cha pili, drili iko chini ya kitanda. Mbona hukuniambia?") Ulikuwa bado hujateuliwa kwenye kamati. (Shemeji: "Kamati ina nani?") Mimi. Na kikao hakikutimiza akidi.

Mama, usinitazame hivyo. Nikuambie ukweli ambao haumo kwenye karatasi hii. Siku ile ulipoanguka nilisikia kishindo nikiwa mezani naandika ajenda, na tangu hapo kila nikiukaribia ukuta huu naogopa, narudi mezani kuandika tena. Kuandika ndiko ninakokujua. Kwa hiyo, kwa kipindi hiki cha mpito, chuma ni mimi. Huu hapa mkono. Nishike. (Mama anashika, anaminya kwa nguvu kuliko inavyohitajika. "Angalau hiki hakina kutu," anasema. Shemeji keshakwenda kuleta drili.)

Namalizia, nikiwa nimeupa mlango mgongo na macho nimefumba kwa heshima ya mgeni rasmi, kwa kumshukuru binti yangu aliyeiazima programu hii rula na penseli, ambavyo ndivyo vifaa vyote vilivyotumika katika ujenzi wa chuma hiki hadi sasa. Asanteni sana.