Uchungu wa Saa Sita na Robo

Kwako Mkunga Mkuu,
Wodi ya Wazazi.

YAH: KUFUPISHIWA UCHUNGU BINTI YANGU BILA FAMILIA KUSHIRIKISHWA

Pole na kazi. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama mzazi wa yule binti wa kitanda cha sita, aliyejifungua mtoto wa kike Jumanne. Mama mzima, mtoto mzima, na hilo silalamikii. Ninayolalamikia ni haya:

1. Binti yangu ni mzazi wa mara ya kwanza, na siku zake zilikuwa zimepitiliza. Mlipomwanzishia uchungu kwa dripu saa mbili asubuhi nilisema sawa, muda upo. Nikarudi nyumbani kupiga pasi kanga, kujaza chupa mbili za chai na kuchukua mto wa kukalia, maana uchungu wa kuanzishwa, tena wa mimba ya kwanza, si wa leo wala kesho. Kumbe huku nyuma mmemwongezea sindano ya kulegeza mlango wa kizazi ili mambo yaende haraka. Narudi saa tisa, mkunga wako mfupi ananipokea mlangoni: "Bibi, mbona umechelewa? Mjukuu ameshazaliwa na kufutwa, amelala." Nilikuwa bado nimekumbatia mto.

2. Katika ukoo wetu wanawake hatukai ovyo. Tukikutana sebuleni, kila mtu hukaa kwa saa za uchungu wa mzaliwa wake wa kwanza. Mimi nina saa arobaini na moja, nakaa kochi kubwa, upande wa dirisha. Shangazi yake ana ishirini na tisa, anakaa kwenye kiti cha mikono. Binti yangu mmemtoa na saa sita na robo. Hizo ni za kigoda, karibu na mlango wa jikoni, na chai ikiisha ataagizwa yeye. Mwalimu mzima wa sekondari!

3. Nilikuwa nimeandaa nasaha za saa ya kumi, za saa ya ishirini, na ile kali ya saa ya thelathini niliyopewa na mama yangu nikaacha kumtukana mume wangu. Zote nimebaki nazo. Nilipojaribu kumpa ya saa ya kumi, alikuwa anakula. Akanijibu, "Mama, si nimeshazaa? Hebu nisogezee chumvi."

4. Mwenyewe haonyeshi majuto. Jirani alipomuuliza kama aliteseka, alisema "kiasi" mbele za watu. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Huyu wetu ameusikia kwa mbali. Na mume wake, ambaye alitakiwa azunguke koridoni akiapa kwamba hatarudia tena, hakupata hata nafasi ya kuapa. Leo ni siku ya tatu tu na tayari anazungumzia mtoto wa pili.

5. Binti wa kitanda cha saba naye ni wa mara ya kwanza, naye alichomwa. Hii si bahati mbaya, ni mpango. Miaka ishirini ijayo mtoto akikosa adabu, mama yake atamsimanga kwa lipi? "Nilikuzaa kwa saa sita"? Atajibiwa, "Kwa hiyo?"

Kwa hiyo naomba sindano hiyo isitolewe tena kwa mzazi wa kwanza bila kibali cha mama yake. Pili, binti yangu aandikiwe cheti chenye muhuri, kinachoonyesha saa zisizopungua ishirini na nne.

Nisalimie wakunga wote, daktari wa zamu, na yule mama wa usafi aliyenipa kiti nilipoishiwa nguvu.

Wako katika kulinda heshima ya uzazi,
Mama wa kitanda cha sita (saa 41).

Nyongeza: Mwanangu mkunga, binti yangu mdogo naye amepitiliza siku zake, na ni mimba yake ya kwanza. Namleta kesho asubuhi. Nilikuwa na mdogo wangu. Alifikisha saa sitini na mbili, na hakurudi nyumbani, wala mtoto hakurudi. Tukihesabu saa zetu, yeye hatumtaji. Nina hofu sana. Tafadhali mchomeni hiyo sindano mapema, na kama kuna ya kumaliza kwa saa tatu, mpeni hiyo.