Farasi 611 wa Roketi

Jumamosi ile hakuna aliyeuliza bei ya petroli wala matokeo ya besiboli. Habari pale kwenye duka la mikate la doña Nereida, mjini kwetu Añasco, ilikuwa moja tu: gari la Roketi limepimwa, limetoa nguvu za farasi 611.

"Mia sita na kumi na moja?" Plagi alirudia, kikombe cha kahawa kimekwama njiani kati ya meza na mdomo. "Nani kawahesabu?"

"Kompyuta," Roketi akajibu, na akaitandaza karatasi mezani taratibu. Alikuwa ameshaifunika kwa plastiki, pande zote mbili.

Roketi jina lake ni Wilnelio, na kazi yake ni kusoma mita za maji. Kutwa anaingia nyua za watu, anafukuzwa na mbwa, anaandika namba, anaondoka. Miaka mitatu likizo zake zote ziliishia chini ya Corolla la mwaka themanini na tatu, alilolifunga tabo ya kuisukumia injini hewa, kubwa kama sufuria ya wali wa sherehe. Mkewe hana tena pa kuanika nguo.

"Hebu tusaidie sisi wajinga," Plagi akasema. Yeye ni fundi wa eksozi, ila mdomo wake mwenyewe hajaufunga sailensa. "Mwezi uliopita si lilipimwa kwa fundi Migdalia likatoa mia nne na thelathini na nane? Hawa wengine wote wamezaliwa lini? Au waliongezeka kwa mapacha?"

"Mashine ya Migdalia mbovu."

"Mashine mbovu au majibu mabaya?"

"Plagi, ile mashine inaitwa Mashine ya Machozi, Añasco nzima inajua. Kila anayepanda na gari lake anashuka analia. Hii ya gereji ya Kique ni mpya, imetoka kwenye boksi."

Mimi nauza matairi mlango wa pili, kwa hiyo wazimu wa magari ndio unaonilisha. Nikatafuna mkate wangu wa siagi. Hizo mashine ziko mbili tu kwetu. Tunaziita daino. Gari linapandishwa, matairi yanakaa juu ya mapipa ya chuma, linafungwa minyororo, linakanyagwa mafuta mpaka lilie kama ng'ombe anayechomwa chapa, halafu printa inatema karatasi. Karatasi hiyo ndiyo cheti cha uanaume upande huu wa kisiwa.

"Swali moja," nikasema. "Hao ni farasi wa kwenye injini au waliofika kwenye matairi?"

"Tofauti yake nini?"

"Wengine wanabaki ndani ya giaboksi," Plagi akadakia, "wanakula nyasi!"

Meza ikatingishika kwa kicheko. Roketi hakucheka. Alikuwa anaipapasa ile plastiki kwa kidole gumba.

Hapo ndipo mzee Aníbal alipoomba aione. Mzee Aníbal tunamwita Jaji. Alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Hana gari, hajawahi kuwa nalo, lakini hasaini hata risiti ya mkate bila kuisoma. Akavaa miwani, akairuka ile namba kubwa nyekundu, akashuka kwenye maandishi madogo ya pembeni ambayo mtu mwenye akili zake hayasomi.

"Wilnelio mwanangu," akasema, "gereji ya Kique iko wapi?"

"Si kule chini, mzee, karibu na pwani. Unapajua."

"Napajua. Mvua ikinyesha kaa wanaingia mpaka ofisini. Sasa hapa imeandikwa, mwinuko kutoka usawa wa bahari: mita elfu mbili na mia nne."

Hata doña Nereida akaacha kukata mkate.

"Elfu mbili ngapi?" Plagi akauliza kwa sauti ya mtu aliyeokota dhahabu.

"Na mia nne."

"Bwana wee! Cerro de Punta, mlima mrefu kuliko yote kisiwa hiki, haufiki hata elfu moja na mia nne! Roketi, ulipimiwa gari ndani ya ndege?"

"Hiyo ni setingi tu," Roketi akasema, masikio yamemwiva. "Mashine inapiga hesabu ya hali ya hewa. Ni sayansi!"

"Sayansi ndiyo," Jaji akasema kwa upole, na upole wake ndio unaouma zaidi. "Juu milimani hewa ni nyepesi, injini inapumua kwa shida. Kwa hiyo ukiiambia mashine kwamba uko milimani, inakuonea huruma. Inakuongezea. Hapa imezidisha kila farasi wako kwa moja nukta tatu nane."

"Ina maana..." nikaanza.

"Ina maana farasi mia na sitini na kitu ni farasi wa fidia."

Plagi alishuka kwenye kiti akakaa chini kabisa, sakafuni, ili acheke vizuri. "Farasi wa fidia! Yesu wangu! Wamepewa fidia kwa kupanda mlima ambao hawajaupanda!"

"Mna wivu," Roketi akasema. "Kesho nashindana mbio na Zurdo wa Aguadilla. Yeye ana mia saba. Kesho ndiyo mtajua."

"Na hao wake walipimiwa wapi? Mwezini?"

Mlango ukasukumwa, akaingia Migdalia mwenyewe kufuata mkate wake wa kila Jumamosi. Suruali ya kazi, nywele kafunga kwa waya wa spika. Injini za watu amezishika miaka ishirini, na namba ya kufurahisha mteja hajawahi kuitoa hata moja. Roketi alipopata mia nne na thelathini na nane kwake, aliondoka bila kuaga.

"Habari zenu. Naona kuna karatasi."

"Ya Kique," Plagi akasema akiwa bado sakafuni. "Njoo utibiwe macho, dada Migdalia."

Roketi alitaka kuifunika kwa mkono, akachelewa. Migdalia akainama. Tulisubiri acheke. Hakucheka. Kidole chake kilishuka moja kwa moja hadi chini ya ukurasa, kwenye mstari mwembamba wa bluu ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameutazama, Jaji akiwemo.

"Huu umeusoma?"

"Huo ni nini?" Roketi akauliza.

"Huu ndio mchanganyiko wa mafuta na hewa. Namba ya juu ni ya kuwaonyesha rafiki zako. Huu ndio wa kwako." Akauvuta kwa ukucha. "Mpaka hapa uko salama. Ukifika mizunguko elfu sita na mia tano kwa dakika, mafuta yanapungua, hewa inazidi. Kique kaongeza presha ya tabo ili namba ipande, mafuta hakuyagusa. Injini inakauka koo huku inakimbizwa. Kesho unapiga mbio ngapi?"

"Tatu. Nikishinda, nne."

"Huifikii ya pili. Pistoni itatoboka katikati kama donati."

Plagi aliinuka sakafuni, akajipangusa.

"Unasema hivyo kwa sababu nilikuhama," Roketi akasema.

"Wilnelio, mimi sina haja ya kukubembeleza. Mashine yangu ina nafasi leo. Lete gari, au usilete." Akachukua mkate wake, akatoka.

Roketi alikaa kama dakika kumi akijifanya ameridhika. Kisha akasema, "Twendeni basi nikamuaibishe." Sote tukainuka kabla hajamaliza sentensi.

Gerejini kwa Migdalia, Roketi alianza visa. Kwanza akatoa tairi la akiba. "Gari liwe jepesi."

"Limefungwa minyororo, kaka," Plagi akasema. "Haliendi popote."

Halafu akakimbia dukani akarudi na mifuko miwili ya barafu, akaipanga juu ya kipoza hewa cha tabo kama anayetandika samaki sokoni. Halafu akataka feni isogezwe. Halafu akapiga ishara ya msalaba. Migdalia alimtazama tu, amekunja mikono.

"Umemaliza ibada?"

Akaingia ndani ya gari mwenyewe, akakanyaga. Mabati ya paa yakaanza kutetemeka. Tabo ikapiga mluzi, sindano ikapanda, elfu nne, elfu tano, Roketi anaruka kama mtoto, elfu sita na mia tano, na hapo nikaisikia. Kokoto ndani ya kopo. Kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo la maziwa. Migdalia akaachia mafuta palepale.

Kwenye kioo cha kompyuta: 431.

"Umekata!" Roketi akapiga kelele. "Ilikuwa bado inapanda, umeikata!"

"Umesikia ile sauti?"

"Nimesikia gari langu likinyimwa haki!"

"Ile ni injini inagonga, Wilnelio. Ningeendelea sekunde mbili, sasa hivi ungekuwa unaokota vipande. Unataka niendelee? Sema. Gari lako."

Maji ya barafu yalikuwa yanadondoka sakafuni, tunayasikia. Roketi akaketi juu ya lile tairi la akiba.

"Jana," akasema, hatazami mtu, "nilipita ule mtaa wa nyuma ya kanisa na mita zangu. Kila nyumba, watu wananipungia mkono. 'Roketi! Mia sita na kumi na moja!' Miaka kumi na miwili naingia kwenye nyua zao, hakuna aliyewahi kunijua jina. Mbwa tu ndio wananijua."

Plagi akajifanya anakagua eksozi.

"Mia nne na kitu si aibu," Jaji akasema.

"Nani anampungia mkono mtu wa mia nne?"

Migdalia akachomeka waya wa kompyuta. "Mimi nikirekebisha, namba itashuka zaidi. Nakuambia kabla, usije ukalia tena. Nirekebishe au nikufungulie minyororo?"

Roketi alitazama gari lake. Miaka mitatu ile. "Rekebisha," akasema, kama mtu anayekubali kung'olewa jino.

Ilichukua mpaka saa kumi alasiri. Presha ikapunguzwa, mafuta yakaongezwa, gari likalia na kunyamaza mara kumi na tano. Mwisho printa ikatema: 406. Roketi akafumba macho.

"Fumbua," Migdalia akamwambia. "Usitazame kilele, tazama hapa katikati. Asubuhi palikuwa shimo, sasa pamejaa. Gari halikimbii likiwa kileleni. Linakimbia njiani kuelekea huko."

"Ukikata tamaa," Plagi akamnong'oneza, "tutalipandisha Cerro de Punta tulipime tena."

Jumapili uwanjani, robo maili ya lami kule kusini, jua la saa tisa. Zurdo wa Aguadilla alikuja na Mazda la zambarau, karatasi yake ya farasi 700 kaibandika kwenye kioo cha mbele, kubwa hata sijui alikuwa anaonea wapi barabara. Roketi hakubandika kitu. Alikuwa mweupe kama unga.

Taa ikawaka kijani. Farasi mia saba wa Zurdo wakashtuka wote kwa pamoja: matairi yakazunguka palepale, moshi, harufu, shangwe, na gari haliendi. Corolla likaondoka bila makelele, likanyooka. Roketi alipopita mstari, ubao ulionyesha sekunde kumi nukta tisa. Siku zake zote hajawahi kushuka chini ya kumi na moja na nusu. Mbio ya pili, ushindi. Ya tatu, ushindi. Ya nne alishindwa na kijana mmoja wa Ponce, lakini kwa pua tu, na injini ilizimwa ikiwa nzima.

Zurdo akaja mbio na watu wake, kama ishirini hivi. "Bwana, nimekubali. Nina swali moja tu. Una farasi wangapi?"

Tukageuka wote. Nilimwona Migdalia, kando, anafunga kompyuta yake kana kwamba hasikii.

"Mia nne na sita," Roketi akasema.

Zurdo akamtazama. Kisha akacheka, na ishirini wote wakacheka.

"Acha kamba! Mia nne na sita! Unanificha mimi?"

"Kweli tupu. Muulize Migdalia."

"Gari la mia nne linifunge mimi wa mia saba? Kumbe watu wa Añasco waongo hivi! Sema mia saba na hamsini tujue moja!"

"Naapa kwa mama yangu mzazi..."

"Usimwapie mama kwa uongo, kaka. Ni dhambi."

Mara ya kwanza katika maisha yake ya gari anasema kweli, na mara ya kwanza anaitwa mwongo mbele ya umati.

Jumatatu asubuhi kwa doña Nereida habari ilikuwa imeshajiendea yenyewe: Roketi ana 780, anaficha. Kique alikuwa ametundika bango nje ya gereji yake, picha ya Corolla, na chini yake: HAPA NDIPO NGUVU ILIPOPIMWA. Foleni ya magari, wakasema, ilifika mpaka barabarani. Migdalia alikuwa na mteja mmoja, mwenye trekta.

"Huoni uchungu?" nikamuuliza, amekuja kunywa kahawa kabla ya kufungua.

"Trekta halidanganyi," akasema, akapuliza kikombe.

Jaji akakunja gazeti lake, amechukia hasa. "Huyo Kique angestahili kufikishwa mbele ya hakimu. Na wale waliopanga foleni wafungwe naye."

Plagi akatazama saa, akameza kahawa yote kwa pamoja, akasimama.

"Unakimbilia wapi?" Roketi akamuuliza.

"Nina miadi."

"Na nani, asubuhi hii?"

Plagi akakwaruza shingo. "Na Kique."

"Plagi!" tukasema wote.

"Msinipigie kelele. Gari langu nalijua, nimelifunga eksozi mwenyewe, halivuti hata mkokoteni." Alikuwa ameshafika mlangoni. "Mimi nafuata karatasi."