Kete ya Mbele ya Malkia

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Nimeingia fainali ya chesi hapa Batsinda. Mimi, Nduwayo, dereva! Mshindi ataenda mashindano ya jiji. Mpinzani wangu ni Mama Mukamana, nesi mstaafu, ambaye mwaka huu hajapoteza mchezo hata mmoja. Kumshinda kwa akili haiwezekani. Nitamshinda kwa upelelezi.

Jumatano, 3 Septemba
Namshukuru Mungu kwa kunipa jirani kama Kamikazi. Ndiye msusi wa Mama Mukamana, na jana alimdodosa akiwa kitini. Akicheza kwa kete nyeupe, mama huanza na kete ya mbele ya malkia. Siku zote. Nimetafuta majibu yake, hatua kumi na mbili, nikayaandika kwenye karatasi. Nimeyakariri nikimsubiri bosi nje ya uwanja wa gofu, Nyarutarama. Bosi aligonga kioo mara tatu ndipo nikamfungulia. Jioni nimempelekea Kamikazi kilo ya sukari.

Jumamosi, 6 Septemba
Mama alipata nyeupe. Akasogeza farasi. Kete ya malkia hakuigusa. Nilijifanya sijaona, nikacheza kama nilivyokariri. Hatua ya saba nilimpa malkia wangu bure. Ya kumi na moja, mfalme akanaswa. Watu hata soda hawajamaliza. Shami, niliyemtoa nusu fainali, alipiga makofi kuliko wote.

Kumbe Kamikazi alimweleza mama kila kitu siku ile ile ya kumsuka. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba mama aliuliza vizuri.

Watu walipotawanyika, mama alipanga kete upya, akanionyesha taratibu nilipopotea. Hakunicheka.

"Mwanangu," alisema, "ulikuwa unacheza na karatasi. Mimi nilikuwa nimekaa hapa mbele yako."

Kisha akawaambia waandaaji kwamba anahitaji mchezaji wa akiba jijini, na anamtaka Nduwayo. Nilimshika mikono yote miwili.

Jumapili, 7 Septemba
Somo la kwanza, nyumbani kwake, baada ya misa. Chai ya maziwa, maandazi, na subira isiyoisha. Anataka nitazame ubao kabla ya kugusa kete. Sijawahi kufundishwa kwa upendo namna hii. Nitamwombea maisha yangu yote.

Alipokwenda jikoni kuongeza chai, nilifungua daftari lake la chesi, nikapiga picha kurasa nne. Nitazikariri kabla ya somo la Jumatano. Nimemwonyesha Kamikazi peke yake. Ameapa hatasema.