Kamati ya Ukimya na Jogoo wa Creuse

Kwa heshima na taadhima, umma unaarifiwa kwamba kampuni yetu ya usafi na ulinzi, yenye makao makuu Oud Metha, huku Uarabuni, ghorofa ya pili, juu ya kliniki ya meno, imeunda Kamati ya Kudumu ya Ukimya. Mimi, Idd, ndiye katibu. Kamati ina wajumbe watatu, mihuri miwili na jukumu moja: kuhakikisha Mkurugenzi wetu, Bwana Matia, ananunua nyumba mkoa wa Creuse, mashambani Ufaransa, ambako inasemekana kelele huzipati hata za dawa.

Bwana Matia anahitaji kupumzika. Kutoka Kampala hadi kiti cha ngozi ni safari, na kuwaambia watu "subiri" kwa miaka kumi na minne si mchezo.

Mjumbe wa tatu, asiye na kura, ni Emiliana, mpika chai wetu kutoka Kigoma. Aliwapikia masista Wafaransa miaka kumi na mmoja na lugha yao anaiongea kama maji. Kwa hiyo akawa mkalimani. Bahati mbaya alikuwa ameomba likizo: binti yake wa pekee anaolewa, na mama lazima awepo kumkabidhi. Mkurugenzi aliandika juu ya ombi, kwa kalamu ya kijani: "Limepokelewa. Linashughulikiwa." Nikaligonga mihuri yote miwili. Mkalimani haondoki nyumba haijanunuliwa. Hata mtoto anaelewa.

Muuzaji ni Madame Solange, mjane wa miaka themanini na moja. Tulimpigia simu ya video. Mkurugenzi alikuwa na maswali kumi na moja, la kwanza likihusu ukimya. Emiliana akaanza na salamu. Kwao huulizi habari za nyumba kabla ya habari za watu, basi akauliza goti la Madame, ng'ombe wake, mvua, wajukuu, na kaburi la marehemu kama limepaliliwa. Bibi naye akauliza ya Kigoma. Zikapita dakika ishirini na sita. Swali la kwanza lilipofika, jogoo akawika huko Creuse, na Mkurugenzi akashtuka hadi chai ikamwagika.

Kamati ilikaa kwa dharura ikaazimia mawili: salamu zisizidi dakika moja, na jogoo ahamishwe kabla ya mauzo. Niliyachapa kwa herufi kubwa. Yalipendeza.

Simu ya pili, Emiliana alisalimia kwa dakika moja kamili, mimi nikishika saa, kisha akafikisha suala la jogoo. Madame Solange akauliza jambo, na Emiliana akajibu kwa kirefu, macho chini.

"Anasemaje?" akauliza Mkurugenzi.

"Ameuliza mbona leo nina haraka, kuna msiba? Nimemwambia hakuna msiba, sir. Binti yangu anaolewa Jumamosi ijayo, na mimi niko hapa naongelea jogoo."

"Hayo hayamo kwenye ajenda."

"Mtu mzima akikuuliza, sir, humjibu kwa ajenda."

Madame akasema tena, taratibu, kidole kikielekea kwetu. Emiliana akatafsiri.

"Anasema nyumba hiyo marehemu aliijenga kwa mikono yake. Hamwachii mtu asiyejua kusalimia. Jogoo habanduki. Anasema niende nikamwoze mwanangu, nikirudi nimpigie nimweleze harusi ilivyokuwa. Na nimweleze kama wewe umejifunza. Akiridhika, atauza."

Mkurugenzi alitazama dari. Aliipenda ile nyumba kuliko alivyowahi kupenda kitu chochote kisicho na lifti. "Khalas," akasema, "mpe ruhusa." Nikaligonga ombi mihuri miwili, na wa tatu wa kuazima kliniki ya meno. Nakiri, nje ya kumbukumbu za kikao, kwamba nilifurahi sana.

Emiliana yuko Kigoma. Ametuma picha: binti amevaa shela, mama analia na kucheka, meno yote nje.

Kamati, kwa upande wake, imebadilishwa jina kuwa Kamati ya Salamu. Kila asubuhi basi la kampuni likitoka kambi ya wafanyakazi ya Muhaisnah kushusha watu, Bwana Matia husimama chini mlangoni akifanya mazoezi: habari za nyumbani, habari za goti. Siku ya kwanza wafagiaji wanne waliangua kilio wakidhani wamefukuzwa kazi. Siku ya pili mmoja alimwonyesha goti lenyewe. Maendeleo yanaridhisha.

Jana ilikuwa zamu ya Sowedi, mlinzi, Mganda mwenzake, ambaye amemfungulia mlango huo miaka sita bila kupata hata "ahsante". Mkurugenzi alitengeneza tai, akakohoa, akamuuliza habari za mama yake, na mashamba, na mvua huko Masaka.

Sowedi alifunga mlango taratibu, akasimama wima.

"Sir," akasema, "salamu zako zimepokelewa. Zinashughulikiwa."