Mlango wa Dada na Hukumu ya Mahakama Kuu

Jumatatu, 4 Machi
Mahakama Kuu imeamua! Nimesikia redioni nikichemsha chai. Ni ile ruzuku ya wasiojiweza, aliyokatwa dada yangu mkubwa, mjane, kwa kuwa anaishi kwangu. Bila hiyo hana dawa ya macho. Hukumu ndefu! “Isipokuwa” nyingi, “bila kuathiri” nyingi zaidi. Chai ikafurika. Niliambulia mawili: anayeishi na ndugu, anayeishi peke yake. Basi, ni wazi: anayepewa ni wa peke yake. Nimemfafanulia dada taratibu. Akauliza kama jaji naye ameelewa hivyo.

Jumanne, 5 Machi
Dada kahamia stoo. Imeshikana na nyumba, ila ina mlango wake. Nimeupaka rangi, nikaandika “Na. 2”. Nimemweleza mke wangu kwamba kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, hivyo dada apewe chungu chake. Hakutoa. Akauliza majembe yatalala wapi. Yamelala chumbani kwetu. Upande wangu.

Alhamisi, 7 Machi
Afisa ustawi amekuja, mama mpole. Nikamwambia bibi wa Namba Mbili simjui sana, ni jirani tu. Dada akachungulia dirishani: we mdogo wangu, chai yangu iko wapi?
Kumbe! Afisa akaeleza: Mahakama imesema kuishi na ndugu si sababu ya kumkata mtu. Afisa alikuja kuwarudishia waliokatwa hivyo. Mwenye makazi yake mwenyewe aombe upya, asubiri foleni. Nikachanganyikiwa. Nikaapa ni dada yangu, tumbo moja. Afisa akanikumbusha kuwa sasa hivi tu dada alikuwa jirani. Atarudi Jumatatu kuhakikisha anaishi wapi.
Dada amesema nilienda shule nikafika, kisha nikapitiliza.

Jumapili, 10 Machi
Dada yuko chumbani kwake tena, majembe stoo. Amani. Lakini redio! Serikali huenda ikakata rufaa. Rufaa, nimemweleza mke wangu, maana yake leo hivi, kesho vile. Sasa dada aishi wapi?
Nimepata! Chumba chake kinapakana na stoo. Nimetoboa ukuta, nikapitisha kitanda: kichwa kwa ndugu, miguu Namba Mbili. Sheria ielemee kokote, itamkuta.
Mke wangu ameenda kulala kwa mama yake. Dada, vumbi hadi kwenye nyusi, ameuliza afisa akija kesho amsalimie kwa upande upi.
Swali zuri sana. Nimemwambia anyamaze tu, nitaeleza mimi.