Tabia Nne za Kaimu Meneja

Jumatatu, 4 Novemba
Nimerudi kutoka semina Nachingwea. Siku moja tu, lakini nimetoka mtu mwingine. Mwezeshaji katufundisha tabia nne za kiongozi bora: kuwahi kazini, kusikiliza bila kukatiza, kukasimu kazi, kupata muda wa kutafakari. Miezi saba nakaimu umeneja wa ghala la korosho hapa Narung'ombe na sina hata moja! Nimeshtuka kweli. Jumamosi bodi inakaa, ama kunithibitisha ama kunirudisha ukarani. Rosa, karani wa mizani, hajahudhuria semina yoyote maishani. Namhurumia.

Jumanne, 5 Novemba
Tabia ya kwanza. Nimefika ghalani saa kumi na moja alfajiri. Rosa yupo, anafagia. Nimeduwaa. Nikamwuliza kafika saa ngapi, akasema hakuangalia. Nikamvuta pembeni mzee Lukumani, mlinzi wetu, nikamwomba akiulizwa aseme nilifika saa kumi. Akakubali vizuri tu. Kufikia saa nne wakulima wote walishajua kwamba Meneja kamwomba mzee Lukumani aseme alifika saa kumi.

Jumatano, 6 Novemba
Tabia ya pili. Mama Mwanawetu wa Matambarale kaongea karibu nusu saa. Sikukatiza. Nilimtazama machoni, na kila alipotua niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nawaza shati la kuvaa Jumamosi, lakini yeye angejuaje? Wakati wa kuaga kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Sijawahi kushikwa hivyo tangu nianze kazi.

Alhamisi, 7 Novemba
Mungu wangu. Watu zaidi ya thelathini mlangoni, na magunia ya korosho mbichi. Hazijaanikwa hata siku moja! Nikauliza nani kawaruhusu. Wakasema mimi. Kumbe jana Mama Mwanawetu aliniuliza kama wanaweza kuleta bila kuanika, maana mawingu yanawatisha. Nikaitikia. Akauliza kama na majirani zake waje. Nikaitikia. Na mkaguzi wa unyevu anakuja Jumamosi asubuhi. Akikuta mbichi ghalani, mzigo wote unakataliwa, na hawa watu wamelima mwaka mzima. Nikakumbuka tabia ya tatu. Nikamkasimia Rosa.

Ijumaa, 8 Novemba
Tabia ya nne. Nimekaa nyuma ya ghala kutafakari. Nimetafakari mpaka udenda ukanitoka. Kuzinduka, uwanja mzima umetandikwa maturubai, korosho zimeanikwa, watu wameinama wanazigeuza. Na katikati yao mzee Mahamudu, mwenyekiti wa bodi, kakunja suruali! Nikauliza nani kamwita. Rosa. Mzee akataka kujua korosho zimeanikwa tangu lini. Nikasema amwulize Rosa. Akauliza ndani kuna magunia mangapi. Amwulize Rosa. Akauliza mimi natokea wapi saa hizi. Nilikaribia kusema amwulize Rosa, nikajizuia. Naamini kaona jinsi ninavyokasimu.

Jumamosi, 9 Novemba
Mkaguzi kapima. Korosho zimekauka, zimepita zote. Watu wameshangilia, na mimi nikasimama mbele yao nikapunga mkono. Kisha bodi ikakaa. Meneja ni Rosa. Rosa! Mpaka naandika hapa sijaamini. Mzee Mahamudu kanieleza taratibu, kama anampa mtu habari ya msiba, kwamba kila walilouliza niliwaelekeza kwa Rosa, basi bodi imefuata maelekezo yangu. Nimeumia. Hata shati langu hakuna aliyelisifia.

Jumapili, 10 Novemba
Baada ya misa Rosa kaja nyumbani. Nilidhani kaja kunicheka. Hapana, kaja kunipa kazi: kuanzia kesho mizani ni yangu. Kaniambia imeletwa mpya, siyo kama ile niliyoizoea, na sina budi kuielewa vizuri, maana nikikosea ni wakulima watakaopunjwa. Akanieleza mwanzo mpaka mwisho, na hasa sehemu moja nisiyotakiwa kuigusa kabisa. Sikumkatiza hata mara moja. Nilimtazama machoni, nikaitikia kila alipotua. Kaondoka ameridhika, nimemwona mwenyewe. Masikini, uongozi bado mgeni kwake, na kwa tabia zangu hizi hatamaliza mwaka kwenye kile kiti. Kesho nitafika saa kumi. Kisha nimtafute mtu aniambie ni sehemu gani nisiyotakiwa kuigusa.